Dhihaka Lazima Ifumbuke: Hotuba kwa Wanaotaka Kujenga Tovuti ya Kukejeli Siasa na Matangazo ya Makampuni

Ndugu mwenyekiti, waandishi, wachoraji, na ninyi mafundi wa tovuti mliofika, tunawashukuru kwa kutupa nafasi. Tumeombwa tuzungumzie kazi yenyewe: namna tovuti ya dhihaka inavyojengwa, tangu wazo la kwanza hadi siku barua ya wakili inapoingia. Hatutakaa sana kwenye sifa za kejeli, kwa sababu mliokuja hapa tayari mnaipenda.

Tuanze na jambo ambalo mengine yote yanaliegemea. Tovuti ya dhihaka ina kazi mbili zinazovutana. Inatakiwa ifanane na kinachokejeliwa, kiasi kwamba msomaji akiifungua ajione yuko kwenye tovuti ya chama, ya wizara au ya kampuni. Kisha, ndani ya muda mfupi, inatakiwa imwache agundue mwenyewe kwamba anachekeshwa, na kwamba kinachochekwa kipo kweli; huko ndiko tunakokuita kufumbuka. Ikishindwa ya kwanza, inabaki matusi yaliyopambwa. Ikishindwa ya pili, imekuwa uongo, na uongo hauna cha kujitetea mbele ya msomaji wala mbele ya hakimu. Kila uamuzi tutakaoutaja leo, wa maneno, wa rangi, wa anwani au wa seva, upimeni kwa kipimo hicho.

Sasa shabaha. Wengi wanaoanza hukejeli mtu badala ya tendo. Kitambi cha mwanasiasa kinachekesha siku moja, halafu basi. Tabia yake ya kuzindua daraja lile lile mara tatu inawapa kazi ya mwaka mzima, na hawezi kulalamika bila kulitaja daraja. Kwa makampuni ni vivyo hivyo. Msikejeli "mabepari" kwa jumla. Chukueni tendo moja lenye ushahidi: ujazo wa chupa umepunguzwa na bei imebaki pale pale, maji machafu yanamwagwa mtoni huku tangazo likionyesha watoto wanaogelea. Liandikeni kwa sentensi moja yenye pande mbili: wanasema hivi, wanafanya vile. Sentensi hiyo isipoandikika, tovuti bado haijapatikana, hata kama jina mmeshalinunua.

Ikishapatikana, kusanyeni malighafi. Kurasa 20 hadi 30 za shabaha zinatosha: ukurasa wa mwanzo, "Kuhusu Sisi", taarifa kwa vyombo vya habari, ripoti ya mwaka, nafasi za kazi, masharti ya matumizi. Zipigeni picha za skrini zenye tarehe, kwa sababu zitafutwa. Kisha zisomeni kwa sauti. Mtasikia lugha yenye mazoea yake: vitenzi visivyo na mtendaji ("changamoto zilijitokeza"), maneno laini yanayofunika mambo magumu ("kupanga upya rasilimali watu", maana yake watu wamefukuzwa), na shukrani kwa wadau ambao hakuna anayewajua. Tengenezeni jedwali la maneno 40 au 50 yanayojirudia. Hilo ndilo litakalokuwa kamusi ya tovuti yenu, na mwandishi yeyote atakayeongezwa baadaye alisome kabla hajaandika mstari mmoja.

Hapa ndipo ufundi ulipo, kwa hiyo tukae kidogo. Kanuni tunayoiamini ni kugeuza kitu kimoja tu. Umbo libaki lile lile, sauti ibaki ile ile, takwimu zibaki za kweli. Kinachobadilika ni kwamba msemaji, kwa mara ya kwanza, anasema anachomaanisha. Tuchukue kampuni ya kubuni inayouza maji ya chupa yanayotoka kwenye mto wa umma. Kichwa cha tangazo kinasomeka: "Mto ni wenu. Chupa ni yetu." Chini yake aya fupi: "Kwa kushirikiana na jamii inayotuzunguka, tumefanikiwa kupunguza umbali kati ya kiu yako na pochi yako." Halafu, kwa herufi ndogo kabisa za kijivu: "Kampuni haihusiki na samaki waliokufa nje ya saa za kazi." Tazameni herufi ndogo hizo. Hazina tusi, na hazipigi kelele. Zimeandikwa kwa adabu ile ile ya wakili wa kampuni, na ndiyo maana zinauma. Mwandishi akiongeza "ha ha, wezi wakubwa hawa!", ukurasa umekufa pale pale.

Mkishaandika, pitieni kila sentensi mkijiuliza kama mfanyakazi wa idara ya matangazo angeweza kuiandika siku amechoka. Sentensi ambayo asingeweza kuiandika, punguzeni ukali wake. Ambayo angeweza kuiandika neno kwa neno, bila mtu kushtuka, iongezeeni. Ukurasa mmoja uwe na vichekesho vitatu au vinne vizito, na vilivyobaki viwe sura ya kawaida ya kuvibeba. Ukurasa wenye kichekesho kila mstari unachosha kabla msomaji hajafika katikati.

Kwa siasa, tunawashauri msitegemee makala peke yake, kwa kuwa tovuti ina kitu ambacho gazeti halina: msomaji anaweza kubonyeza. Chukueni fomu ya kuomba barabara. Sehemu ya kwanza: jina la kijiji. Ya pili: urefu wa barabara. Ya tatu: "Je, uchaguzi uko ndani ya siku 90?" Akichagua "Hapana", kitufe cha kutuma kinafifia na maandishi yanatokea: "Ombi lako ni muhimu sana kwetu. Tafadhali rudi wakati wa kampeni." Akichagua "Ndiyo", inatokea picha ya jiwe la msingi, bila barabara. Hakuna aliyeambiwa lolote kuhusu wanasiasa. Amelitenda kwa kidole chake. Mwaka 2012 shirika la mazingira la Greenpeace na The Yes Men, kundi la wanaharakati wa dhihaka, walitumia nguvu hiyo hiyo dhidi ya Shell na mipango yake ya kuchimba mafuta Aktiki. Tovuti yao ya Arctic Ready ilikuwa na sehemu ya kutengeneza matangazo, ambapo mgeni alipewa picha na kuandika maneno yake mwenyewe. Wageni ndio waliosambaza kazi.

Kiufundi fomu ya namna hii ni mistari michache ya JavaScript, lugha ya programu za kurasa za tovuti, inayoishia ndani ya kivinjari. Isitume kitu popote. Kitufe kiwe cha aina ya "button", kisiwe "submit", na msihifadhi jina wala namba ya mtu. Sababu ya kwanza ni heshima kwa msomaji. Ya pili ni kwamba ukurasa unaofanana na wa taasisi halisi, ukiwa na sehemu za kujaza taarifa, ndio sura kamili ya ukurasa wa matapeli. Mfumo wa Safe Browsing wa Google, unaotumiwa na Chrome, Firefox na Safari, ukiwaweka kwenye orodha yake, kila anayekuja anakutana na ukurasa mwekundu wa onyo. Kujitoa kwenye orodha hiyo kunawezekana, lakini kunaweza kuwala siku zile ambazo kazi yenu ndiyo inazungumzwa. Kwa hiyo sehemu ya nywila isiwepo kabisa, wala ya namba ya kadi, hata kwa mzaha.

Kwenye sura, pimeni msikopi. Vishawishi vya kupakua ukurasa mzima wa shabaha na kubadili maneno ni vikubwa, kwa sababu kazi inaonekana imekwisha kwa dakika kumi. Ubaya wake ni mwingi. Ukurasa unakuja na misimbo ya kufuatilia wageni, na wageni wenu wataanza kuripotiwa kwa kampuni mnayoikejeli. Unakuja na picha ambazo bado zinaitwa kutoka kwenye seva yao. Wakiligundua, wanabadilisha picha moja na tovuti yenu inaonyesha wanachotaka wao. Unakuja na fonti za kulipia leseni. Na unawapa hoja nyepesi ya hakimiliki. Anzeni na faili tupu. Pimeni upana wa safu, chukueni namba za rangi, tafuteni fonti huria inayokaribiana, chora nembo upya ikiwa imepindishwa kidogo. Jicho hutambua rangi, mpangilio na nafasi kabla halijasoma nembo, kwa hiyo mkivipata hivyo vitatu mmefika. Picha pigeni wenyewe au tumieni zenye leseni huria, na zisiwe za watu binafsi wasiojua kinachoendelea.

Tovuti iwe ya kurasa zisizobadilika: HTML, CSS na picha, bila hifadhidata. Haina mlango wa utawala wa kudukuliwa, inabeba wageni wengi kwa ghafla, na inahamishika kwenda seva nyingine kwa dakika chache. Ukurasa wa mwanzo usizidi megabaiti moja, kwa sababu wasomaji wengi watakuja kwa simu. Barua pepe za kubuni zitumieni zinazoishia na example.com, jina lililotengwa rasmi tangu 1999 kwa mifano tu; mkibuni anwani nyingine, kuna siku itakuwa ya mtu halisi, naye atapokea hasira ambazo si zake. Namba za simu vivyo hivyo: msiweke namba yoyote inayoweza kuita.

Tufike kwenye jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ambako kazi nyingi nzuri zimeharibikia. Mwaka 1995 Michael Doughney alisajili peta.org na kuweka humo tovuti ya wapenda nyama, "People Eating Tasty Animals", kuwakejeli watetezi wa wanyama wa PETA. Yaliyomo yalikuwa kejeli ya wazi. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya Marekani ikamnyima ushindi, kwa hoja kwamba jina lenyewe lilikuwa la PETA tupu. Aliyeliandika kwenye kivinjari hakuwa na dalili ya kejeli hadi alipokwisha kufika. Basi jina libebe dalili. Ongezeni neno moja linaloligeuza, liwe linasomeka kwa jicho la haraka, na mwone kama mtu asiyewajua anacheka akilisikia peke yake. Kugeuza herufi moja hakusaidii, maana hiyo ndiyo mbinu ya matapeli.

Nguvu ya jina mnaweza kuipima kwa mfano mwingine. Mwaka 1999 Zack Exley alikuwa na gwbush.com, akamkejeli George W. Bush aliyekuwa anawania urais. Kampeni ikapeleka malalamiko kwenye tume ya uchaguzi, na Bush, alipoulizwa, akasema kwamba uhuru unapaswa kuwa na mipaka. Kauli hiyo ikaitangaza tovuti kuliko tangazo lolote la kulipia. Shabaha inapojibu kwa hasira, inawaandikia ukurasa unaofuata.

Mwenye alama ya biashara anaweza pia kwenda kwenye utaratibu wa migogoro ya majina wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, uliopo tangu 1999. Anatakiwa aonyeshe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, ninyi hamna haki au sababu halali ya kulitumia, na mlilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mna siku 20 za kujibu. Jibuni. Wanaonyamaza ndio kwa kawaida wanaonyang'anywa. Na kamwe msiwaandikie kwamba mko tayari kuliuza, hata kwa utani, kwa sababu barua hiyo moja inatosha kuwa nia mbaya. Kuhusu kujificha: huduma ya kuficha jina la mwenye kikoa inawazuia wapita njia tu. Kampuni iliyowauzia jina inawajua, na amri ya mahakama itaifungua mdomo. Na mkichukua cheti cha usalama cha tovuti, jina la kikoa chenu linaingia kwenye kumbukumbu za wazi ambazo makampuni ya kulinda alama huzisoma. Kwa hiyo msichukue cheti mapema mno kabla tovuti haijakamilika.

Tunarudi kwenye kufumbuka, ambako tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi. Mnaijenga tovuti kama ukurasa, lakini wengi hawataufikia ukurasa. Watakutana na kichwa na picha moja kwenye simu, vimetumwa na shemeji. Onyo lenu la chini ya ukurasa halisafiri. Novemba 2012 tovuti ya gazeti la People's Daily la China ilichapisha kama habari ya kweli mzaha wa The Onion, chombo cha dhihaka cha Marekani, uliomtaja Kim Jong-un kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikaongeza na picha 55. Makala yenyewe ilikuwa na vituko tele. Hakuna aliyevisoma kwa utulivu.

Kwa hiyo ufumbuo uwekeni pale panaposafiri. Kichwa cha kushiriki, kile kinachoandikwa kwenye lebo za Open Graph ambazo mitandao ya kijamii huzisoma kiungo kinaposhirikiwa, kiwe na kichekesho ndani yake. Kisiweze kusomwa kama habari. Picha ya kushiriki ichongwe na jina la tovuti ndani ya picha yenyewe, si pembeni ambako mtu atakata. Kwenye msimbo, tumieni aina ya SatiricalArticle ya schema.org, msamiati wa pamoja wa kuzieleza mashine yaliyomo kwenye ukurasa, ili nazo zijue. Ukurasa wa "Kuhusu Sisi" useme wazi kwamba hii ni kejeli, uiunganishe na ushahidi wa kweli mliouanzia, na ufikike kwa mbonyezo mmoja kutoka kila ukurasa. Kabla ya kufungua, mpeni mtu asiyejua lolote aone picha ya skrini kwa sekunde tano, kisha ukurasa wote kwa dakika moja. Baada ya sekunde tano aseme ni tovuti ya nani. Baada ya dakika moja aseme nani anachekwa na kwa kosa gani. Jibu la pili likikosekana kwa watu wawili kati ya watano, rudini mezani.

Swali la lini ufumbuo ni mwepesi mno na lini ni mzito lina majibu mengi, lakini kuna mahali hatukubali ucheleweshwe hata dakika. Desemba 3, 2004, miaka ishirini tangu gesi ya sumu ya kiwanda cha Union Carbide iue maelfu ya watu Bhopal, India, BBC World ilimhoji mtu iliyemdhani ni msemaji wa Dow, kampuni iliyoinunua Union Carbide mwaka 2001. Ilikuwa imempata kupitia tovuti ya dhihaka ya The Yes Men. Akatangaza fidia ya dola bilioni 12. Hisa za Dow zilishuka kwa zaidi ya asilimia 4 Frankfurt ndani ya dakika 23, na Dow ikalazimika kutangaza mbele ya dunia kwamba haitalipa. Kama ufundi, ni pigo ambalo bado linasomwa. Lakini kwa muda fulani, wagonjwa na wafiwa wa Bhopal waliamini kwamba haki imefika. Sisi tunaona gharama hiyo haikupaswa kubebwa na wao. Mkikejeli mkosaji, waulizeni kwanza waliokosewa, na msitumie tumaini lao kama kifaa.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna mambo msiyaguse hata yakiwa na kichekesho kizuri: tarehe, mahali na utaratibu wa kupiga kura, dawa na chanjo, tahadhari za majanga. Mtu mmoja akiamini, ameumia yeye, na mkubwa mliyemlenga amesalimika.

Sheria tutazipitia haraka, kwa kuwa kila nchi ina zake, na nyingine zina sheria za makosa ya mtandao au za kulinda heshima ya viongozi ambazo hazisikilizi kichekesho chochote. Mwoneni wakili wa nchi mnayoishi na ya nchi iliko seva. Umoja wa Ulaya una kipimo chepesi kukumbuka: mwaka 2014 mahakama yake ilisema dhihaka inakumbusha kazi iliyopo huku ikitofautiana nayo waziwazi, na inabeba ucheshi au mzaha. Kesi hiyo ilihusu mchoro wenye ujumbe wa ubaguzi, na mahakama ikaonya kwamba mwenye kazi ana haki ya kutotaka kuhusishwa na ujumbe huo. Kuhusu kuuza fulana na vikombe, angalieni hukumu mbili. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliwapa ushindi Laugh It Off, waliouza fulana zenye kejeli ya nembo ya bia kuhusu unyonyaji wa wafanyakazi weusi, kwa kuwa kampuni haikuthibitisha madhara ya kiuchumi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliegemea upande wa kampuni ya wiski ya Jack Daniel's, dhidi ya mtengenezaji wa kitu cha kuchezewa na mbwa chenye umbo la chupa yake. Mkitumia alama iliyopindishwa kuuzia bidhaa zenu, kinga inapungua. Tovuti isiyouza kitu inasimama vizuri zaidi.

Mara nyingi, hata hivyo, hamtafikishwa mahakamani. Watamwandikia anayehifadhi tovuti. Mwaka 2009 Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani kiliulalamikia ukurasa wa dhihaka wa The Yes Men kwa sheria ya hakimiliki. Kampuni ya mtandao Hurricane Electric ikamkatia mtandao mtoa huduma mzima aliyekuwa akiuhifadhi ukurasa huo, na tovuti za mamia ya wengine zikazimika pamoja nao. Kwa hiyo, kabla ya kulipia seva, ulizeni kwa maandishi wanafanya nini wakipokea malalamiko, na nani anawapa wao mtandao. Jina la kikoa msilinunue kwa kampuni ile ile inayohifadhi tovuti, ili mkifungiwa mlango mmoja mbaki na mwingine. Mwe na nakala kamili kwenye kompyuta mbili na seva ya akiba iliyokwisha kujaribiwa. Kwa sheria ya Marekani mnaweza kutuma kanusho, yaani barua ya kuyapinga malalamiko. Baada ya hapo, mlalamikaji asipofungua kesi, huduma inarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Hakikisheni tu kwamba mnajua kanusho linatiwa saini kwa jina halisi, chini ya kiapo.

Jambo la mwisho ni la siku ambayo kampeni imekwisha na mmechoka. Tovuti msiitupe. Igeuzeni iwe kumbukumbu, bango la juu likieleza ilikuwa ya nini na ya mwaka gani, na mlipie jina kwa miaka kadhaa mbele. Jina lililoachwa, kwa vikoa kama .com, hupitia kipindi cha neema cha hadi siku 45, kisha siku 30 za kukomboa, kisha siku tano, halafu liko sokoni. Vinavyosubiriwa hapo na wauza kamari na matapeli ni viungo vyote ambavyo magazeti yaliwawekea, na wasomaji wanaowaamini bado watakuwa wanavibonyeza. Jina la mtu atakayelipia, pamoja na tarehe, liandikwe kwenye makubaliano ya kikundi chenu kabla tovuti haijafunguliwa.